Nyumba ya mutaa: habari ya chama kimoja cha Kariakoo

Siku ya Mungu nyuma ya misa, ukivuka Lualaba kwa mutumbwi toka Alunguli mupaka ngambo ya Kasuku, kisha ukitembea polepole katika makartie, huwezi kukosa kuona watu waliokaa kwa mviringo chini ya mwembe. Wengine wanatoa feza za likelemba. Wengine wanahesabu musaada wa mwenzao aliyefiwa. Wengine wanabishana juu ya mufereji unaoharibu njia. Kuna prezida, kuna mwandishi, kuna mutunza feza. Mvua ikinyesha, mukutano umekwisha. Daftari linalala nyumbani mwa mwandishi, sanduku linalala nyumbani mwa mutunza feza, na siku mumoja wao akihama ao akifa, chama kinakwenda kutafuta vitu vyake kwa mujane.

Kwa hiyo watu wa kartie wakimuona padri mupya, ao fratri aliyetumwa kwa mwaka wa majaribio, hawakawii kumuambia: «Utujengee nyumba ya mukutano.» Ombi ni zuri. Lakini yule anayeombwa afikiri kidogo mbele ya kuagiza mabati. Nyumba ikijengwa na mwingine, itakuwa ya nani? Nani atashika ufunguo? Na siku yule aliyeijenga atakapohamishwa, mulango utafunguliwa na nani?

Kusudi tuone maswali hayo wazi, nataka kusimulia habari ya nyumba moja ambayo maisha yake yanajulikana tangu mwanzo wake mupaka mwisho wake. Haikuwa Kindu. Ilikuwa Dar es Salaam, katika kartie ya Kariakoo, penye pembe ya New Street na Kariakoo Street. Hata hivi si habari ya wageni. New Street ya zamani inaitwa leo Mutaa wa Lumumba, kwa heshima ya mutoto wa Onalua katika Sankuru, ambaye alifanya kazi kwa muda katika kampuni ya madini kule Kalima, jirani yetu, mbele ya kuhamia Stanleyville katika 1944. Tena njia ile ya Nyangwe na Kasongo iliyotuletea Kiswahili, ndiyo iliyopeleka watu wetu mupaka pwani, wengi kwa minyororo, wengine kwa biashara. Uzao wao wanaitwa Wamanyema kule Ujiji, Kigoma na Dar es Salaam, na ndani ya Kariakoo kuna musikiti ambao watu wanauita Musikiti wa Manyema mupaka leo.

Jina la Kariakoo lenyewe lina habari yake. Waingereza walipotwaa Dar es Salaam toka kwa Wajeremani mwezi wa 9 wa 1916, waliweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi, waliowaita Carrier Corps. Masikio ya watu yakasikia Kariakoo, na vita ilipokwisha jina likabaki juu ya mitaa. Mwezi ule ule, tarehe 19, askari wa Kongo waliingia Tabora, na mizigo yao ilikuwa juu ya vichwa vya wapagazi wa kwetu. Kwa hiyo babu zetu wengi wangeelewa jina lile bila kufasiriwa.

Nyuma ya vita Waingereza waligawa muji sehemu tatu: ya kwanza kwa nyumba za Wazungu, ya pili kwa biashara, ambako Wahindi walikuwa wengi, ya tatu kwa Waafrika. Kariakoo ilikuwa katika ile ya tatu. Upande wa Kongo, Wabelgiji walifanya kazi ya kufanana nayo kwa amri ya 23 Novemba 1931, iliyoanzisha miji ya Waafrika ambao hawakuwa tena chini ya sultani wa asili yao. Kwa kifaransa ilikuwa centre extra-coutumier. Tuangalie vizuri mutu wa namna hiyo alikuwa nani. Aliacha kijiji, akaja kutafuta mushahara kwenye reli, bandarini ao bironi. Analala katika chumba cha kupanga. Hana mujomba karibu, hana muzee wa kumuamulia maneno. Akiugua, nani atamupikia? Akifa, nani atamuzika? Serikali ilimuhesabu kwa kodi, lakini haikumuzika.

Jibu la kwanza la watu, kule na hapa, lilikuwa chama cha kabila. Watu wa asili moja wanatoa feza kidogo kila mwezi, mwenzao akifa wananunua sanda, asiye na kazi anapewa nauli ya kurudi kwao. Ni kazi nzuri, wala nisiidharau. Lakini mufereji ulioziba hauulizi kabila. Watu kumi wa kabila kumi wanaokaa kwenye mutaa mumoja wana shida moja na hawana mukutano mumoja.

Katika 1922, kule Tanga, Martin Kayamba na wenzake walikuwa wameanzisha chama cha Waafrika wenye kazi ya serikali. Kilikuwa cha makarani na walimu, watu waliojua kingereza na kuvaa viatu. Mutu wa kubeba mizigo bandarini hakuwa na kiti pale. Miaka miwili baadaye, 1924, Daktari James Aggrey, mwalimu mukubwa Mwafrika aliyezaliwa katika inchi inayoitwa leo Ghana, alipita Dar es Salaam pamoja na kamisioni iliyokuwa ikichunguza shule za Afrika. Karani mumoja wa reli alikutana naye. Jina lake ni Kleist Sykes. Alizaliwa Pangani 1894. Baba yake alikuwa Muzulu aliyeletwa toka Msumbiji kuwa askari wa Wajeremani. Kleist mwenyewe alipigana upande wa Wajeremani katika vita ya kwanza. Katika maandiko aliyoyaacha juu ya maisha yake, alisema kama Aggrey ndiye aliyemushauri kuunganisha Waafrika wote katika chama kimoja.

Shauri lile lilikaa miaka mitano kama mbegu iliyosahauliwa udongoni. Kisha katika 1929 walianzisha African Association, ndiyo kusema Chama cha Waafrika. Prezida alikuwa Cecil Matola, mwalimu na Mukristu. Mwandishi alikuwa Kleist Sykes, Muislamu. Kati ya wenzao wanatajwa Mzee bin Sudi, Ibrahim Hamisi, Zibe Kidasi, Ali Said Mpima, Suleiman Majisu, Raikes Kusi na Rawson Watts. Soma majina hayo tena polepole: ya misioni na ya msikitini yamechanganyika, ya pwani na ya bara. Sisi wa Maniema, ambao tuna jirani Waislamu tangu siku za babu zetu, tunajua kama mambo hayo yanawezekana. Tunajua vilevile kama hayaji yenyewe.

Sasa, watu wale hawakungoja chama kiwe kikubwa kusudi wajenge nyumba. Walipata kiwanja New Street wakaanza. Hawakuwa na feza za kulipa mafundi wote. Wenye ufundi walitoa ufundi, wengine walitoa mikono. Siku yao ya kazi ilikuwa siku ya Mungu, kwani siku nyingine walikuwa kwa bwana wao. (Musomaji wa seminari ataniuliza juu ya amri ya kupumzika. Nitamujibu kama mwalimu wetu wa maadili alivyotufundisha: kazi ya mapendo kwa jirani haikukatazwa, na kama bado ana shaka, akaulize nani aliwanyima siku nyingine.) Inasimuliwa kama Kleist alikuwa akimuchukua mutoto wake Abdulwahid, aliyezaliwa 1924, waende pamoja kujenga. Mutoto wa miaka sita ao saba hawezi kubeba kitu kikubwa. Lakini aliona baba yake, mutu wa biro, anachafua mikono bila kulipwa. Tumukumbuke mutoto huyo, tutamuona tena.

Kufikia 1933 nyumba ilikuwa imekwisha. Haikuwa nyumba ya ajabu. Mugeni angepita bila kugeuza kichwa, kwani Kariakoo yote ilikuwa imejaa nyumba za chini, za vyumba sita na korido katikati, ambazo wenyeji walipangisha chumba kimoja kimoja. Ajabu ilikuwa moja tu: nyumba ile haikuwa na baba mwenye nyumba. Hakuna tajiri aliyeweza kuongeza kodi yake, wala mkubwa wa wilaya aliyeweza kusema «leo fungeni». Barua zilikuwa na pahali pa kufikia. Daftari za mikutano zilikuwa na kabati lao. Mutu aliyetoka bara na shida yake aliweza kuuliza njiani, wakamuonyesha kwa kidole.

Nisimudanganye musomaji. Chama kile hakikuwa cha malaika. Miaka iliyofuata kilikuwa kama mutu mwenye malaria: leo amesimama, kesho amelala. Wakubwa wake waligombana. Wafanya biashara wadogo waliona kama makarani wanajitafutia heshima tu. Katika 1934 Erica Fiah, mwenye duka, mutu wa Uganda, alianzisha chama kingine cha wafanya biashara Waafrika. Katika 1937 akaanzisha gazeti lake mwenyewe, Kwetu, na ndani yake hakuogopa kumuchoma mutu yeyote kwa kalamu. Matawi ya chama yalizaliwa katika miji mingine, na mara nyingine tawi lilikuwa na nguvu kuliko shina: mikutano mikubwa ilifanywa Zanzibar 1939, Dodoma 1945. Katika 1948 wa Zanzibar na wa bara waliachana, na chama cha bara kikaitwa Tanganyika African Association, kwa ufupi TAA. Kleist Sykes alikufa 1949.

Hapa ndipo nyumba ilionyesha samani yake. Chama bila nyumba kikilala miaka mitatu, kimekufa. Hakuna anayejua tena daftari liko wapi. TAA ililala mara nyingi, lakini pahali pake palibaki palepale New Street, na yule aliyetaka kuiamsha alijua mulango wa kupiga hodi. Katika 1950 vijana waliupiga. Daktari Vedasto Kyaruzi akawa prezida, na mwandishi akawa Abdulwahid Sykes, yule mutoto wa siku za Mungu. Waliandika maombi marefu juu ya ginsi inchi itakavyotawaliwa. Serikali ikamuhamisha Kyaruzi mbali na muji. Mutu aliweza kuhamishwa, nyumba haikuweza.

Mbele ya kuendelea, lazima tuangalie nyumba za namna nyingine, zile zilizotolewa. Nyuma ya vita ya pili, serikali za kikoloni zilianza kuogopa miji ya Waafrika. Ziliona vijana wengi, pombe nyingi, na kule Dar es Salaam mugomo wa wafanya kazi wa bandari katika 1947. Dawa waliyoifikiri ilikuwa nyumba ya mukutano, yenye ukumbi wa dansi, mupira, masomo ya jioni, kushona kwa wamama. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 tajiri mumoja Mugriki, George Arnautoglu, alitoa feza za kujenga nyumba ya namna hiyo karibu na Mnazi Mmoja, ukingoni mwa Kariakoo. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya New Street mara kumi. Nairobi walikuwa na Pumwani Memorial Hall tangu 1924, na baadaye ukumbi wa Kaloleni.

Kwetu Kongo zilikuwa za namna mbili. Kwa wamama na wasichana kulikuwa na fwaye sosiale, ambako mabibi Wazungu ao masista walifundisha kushona, kupika, kuosha mutoto. Kwa wanaume waliosoma kulikuwa na «cercle», chumba chenye vitabu, magazeti na mikutano ya mafundisho, na mara nyingi mushauri Muzungu alikaa karibu. Watu hao waliitwa waevolue. Tangu 1948 Leta iliwapa wachache wao karata ya kusifu mwenendo wao, na kamisioni ilichunguza mutu anavyokula, anavyolala, na kama ana muke mumoja. Lumumba alikuwa mukubwa wa chama cha waevolue wa Stanleyville, na mukutano ule ulikuwa shule yake ya kusema mbele ya watu.

Kuna watu wanaosema kama nyumba hizo zote zilikuwa mutego tu. Mimi sikubali kabisa. Mama aliyejifunza kushona pale alivalisha watoto wake, na mashine haikuuliza nani aliinunua. Tena watu walijua kuzitumia kwa kazi ambayo wenye kuzitoa hawakuifikiri. Ilikuwa katika ukumbi wa Kaloleni, tarehe 23 Aprili 1950, ambako Makhan Singh alisimama kudai uhuru wa inchi za Afrika ya Mashariki. Na ilikuwa katika nyumba ya Arnautoglu, mwezi wa 4 wa 1953, ambako TAA ilichagua prezida wake mupya. Ukumbi wa New Street ulikuwa mudogo. Waliazima ule mukubwa wa jirani, kisha wakarudi kwao. Tofauti iko hapa: kwa Arnautoglu waliomba ruhusa ya saa fulani, kwa New Street hawakumuomba mutu.

Prezida yule mupya alikuwa mwalimu wa shule ya kikatoliki ya Pugu, mwana wa Butiama, aliyerudi toka Edinburgh mwaka uliotangulia. Ni Julius Nyerere. Pugu iko kilometa zipatazo 20 toka muji, na mara nyingi alikwenda kwa miguu kwenye mikutano. Mwezi wa 8 wa mwaka ule ule serikali ilikataza watumishi wake kuwa ndani ya vyama vya siasa. Pigo lilikuwa kubwa, kwani makarani ndio waliokuwa wakiandika barua za chama. Nyerere alikuwa mwalimu wa misioni, akaweza kuendelea kwa muda. Katika Machi 1955 alisafiri New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, na aliporudi ilimupasa kuchagua kati ya darasa na siasa. Akaacha darasa.

Lakini tumepita siku yenyewe. Tarehe 7 Julai 1954, watu 17 walikaa ndani ya nyumba ya New Street wakageuza TAA kuwa TANU, chama cha kudai uhuru. Kati yao walikuwa Abdulwahid Sykes na ndugu yake Ally, watoto wa Kleist; John Rupia, mutu mwenye mali aliyetoa mali yake; Dossa Aziz; Saadani Kandoro, mwandishi wa mashairi; Germano Pacha toka magaribi; Japhet Kirilo wa Meru, ambako watu walikuwa wamefukuzwa katika mashamba yao. Hapo tena, kama katika 1929, Wakristu na Waislamu walikaa kwenye benchi moja. Tarehe ile ya 7 ya mwezi wa 7 watu waliita Saba Saba, na jina limebaki katika kalenda ya Tanzania mupaka leo. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Wengi wanaosimulia habari hii wanafunga kitabu hapa, bendera ikiwa juu. Mimi nataka kufungua ukurasa unaofuata, kwani ndio unaotuhusu sisi wenye kutumwa katika makartie. TANU ikawa serikali. Katika 1965 ikawa chama kimoja kwa sheria, na katika 1977 ikaungana na chama cha Zanzibar kuwa CCM. Nyumba ya New Street, iliyojengwa na mikono ya makarani na mafundi wa mutaa, ikawa biro ya chama kinachotawala. Pahali pake leo pana jengo la gorofa, biro ndogo ya CCM, na watu wa muji wakisema tu «Lumumba», kila mutu anaelewa kama wanasema chama. Jengo ni kubwa, na heshima yake ni kubwa. Lakini mama wa Kariakoo mwenye neno juu ya mufereji uliozibika hawezi tena kuingia pale kama mwenye nyumba. Nyumba ilishinda, na katika kushinda kwake ikaacha mutaa.

Kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine mupaka penye kufanana. Wabelgiji wengi walipoondoka katikati ya 1960, fwaye nyingi zilibaki bila wakubwa wake, kwani hakuna aliyekuwa amewapa wamama wa kartie daftari la hesabu wala ufunguo. Kisha Kindu iliona damu, ya wanajeshi 13 wa Italia wa Umoja wa Mataifa katika Novemba 1961, na ya wakaaji wengi katika vita ya Simba ya 1964. Katika 1967 ikaja MPR, na polepole kila chama kilitakiwa kuwa tawi lake. Wazee wetu mapadri hawakusahau 1972: Leta ilitaka vijana wa chama, JMPR, waingie mupaka ndani ya seminari; Kardinali Malula akalazimishwa kukaa inje ya inchi kwa miezi; vyama vya vijana vya Kanisa vikakatazwa. Mwisho wa 1974 shule zikatwaliwa, na mupaka mapatano ya 1977 hazikurudi.

Na hapa kuna jambo linalonifikirisha kila mara. Katika miaka ile ile ambapo majengo yalikuwa yakitwaliwa, kitu kimoja hakikutwaliwa. Mwisho wa 1961, katika mukutano wao mukubwa, maaskofu wa Kongo walikuwa wamechagua njia ya jumuia ndogo za Wakristu wa jirani; mashariki yetu watu waliziita shirika. Shirika haikuwa na nyumba. Juma hili walikutana kwa mama Fulani, juma linalofuata kwa baba Fulani, na waliketi juu ya viti vilivyoazimwa kwa jirani. Askari wa kufunga mulango angefunga mulango gani? Udhaifu ule wa watu wa chini ya mwembe, niliouonyesha mwanzoni, ukawa ngao yao.

Je, tuwaambie basi watu wa Mikelenge na Alunguli kama nyumba haina faida? Hapana. Shirika ilivuka miaka ile kwa sababu ilikuwa na kitu cha kuikusanya kila juma, na padri na parokia nyuma yake vilitunza daftari. Likelemba haina parokia nyuma yake. Chama cha kusafisha njia hakina. Hao wanahitaji kabati, paa, na pahali ambapo mugeni ataonyeshwa kwa kidole. Wazee wa New Street walikuwa na akili kwa kujenga mapema. Waliloacha bila kulifunga ni neno moja: siku chama kikigeuka kuwa kitu kingine, nyumba ibaki na nani?

Katika Kongo ya leo neno lile linaweza kuandikwa. Sheria ya ardhi ni ya 20 Julai 1973: udongo ni wa Leta, na mutu ao chama kinapewa haki ya kuutumia, nayo inaandikwa katika kartasi ya parsele. Sheria ya vyama visivyotafuta faida ni ya 20 Julai 2001. (Siku ile ile ya mwaka, mwanafunzi mwenye kusahau tarehe za mutihani amesaidiwa.) Kwa sheria hii ya pili, chama kilichopata kibali chake kinahesabiwa kama mutu mbele ya sheria, na kartasi ya parsele inaweza kubeba jina lake chenyewe. Katika katiba yake kinapaswa kuandika mapema mali yake itakwenda wapi siku kitakapovunjwa: kwa kazi nyingine ya mutaa, kwa shule, kwa wagonjwa.

Nimeona mara nyingi ginsi mambo yanavyofanywa kwa haraka. Padri mwenye moyo muzuri anapata feza toka kwa rafiki za Ulaya, parsele inaandikwa kwa jina la parokia ao, vibaya zaidi, kwa jina la prezida wa chama, kwani yeye ndiye mwenye karata ya uraia karibu. Nyumba inafunguliwa kwa ngoma. Miaka kumi baadaye prezida amekufa, na watoto wake wanaleta kartasi: nyumba ni ya baba yao. Hawakusema uwongo. Jina ndilo hilo.

Kwa hiyo, ndugu fratri, siku utakapoombwa nyumba chini ya mwembe, usikatae, wala usikimbilie mabati. Ketini kwanza muandike katiba, hata kwa penseli. Ulizeni nani kati yao ni fundi wa mawe, nani ana baiskeli ya kubeba mchanga toka Lualaba, nani atakuja siku gani. Ufunguo wa kwanza akae nao mwandishi, wa pili muzee asiye na cheo chamani. Na padri, kama atachangia saruji, jina lake liandikwe katika daftari pamoja na yule mama aliyeleta maji, mustari mumoja kwa kila mutu.